Pete Kwenye Trei ya Mayai

Kikao kilichoamua habari ya pete kilifanyika ndani ya kontena, na tulikuwa wahandisi watatu. Kontena hilo ndilo ofisi yetu hapa kwenye mtambo wa kokoto, pembeni ya barabara inayotoka Lusahunga kwenda mpakani Rusumo, upande wa Kasulo. Jua likilipiga linageuka tanuri, kwa hiyo maamuzi yetu mengi hufanyika upesi, na baadhi yake hufanyika vibaya.

Mkuu wetu ni mama mmoja kutoka Mwanza, mhandisi wa migodi, ambaye akikunja mikono kifuani ujue mjadala umekwisha, bado kutangazwa tu. Wa pili ni kijana wa Tanga, mhandisi wa umeme, mtu wa maneno. Wa tatu ni mimi, mhandisi wa mitambo, niliyekabidhiwa pia mambo ya usalama kazini kwa sababu, kama mkuu alivyosema mbele ya watu, "wewe si unapenda kuandika andika." Ni kweli. Mwisho wa juma huandika makala ndogo kuhusu maisha. Nina msomaji mmoja wa uhakika, naye ni mke wangu, ambaye husoma huku akisahihisha.

Siku iliyotangulia, dereva mmoja wa tipa alikuwa ameruka kutoka juu ya bodi la gari lake badala ya kushuka kwa ngazi. Miguu ilifika chini. Pete ilibaki juu, imenasa kwenye ndoano ya turubai, na kidole kikawa hakijui kimfuate nani. Bahati yake pete ilikuwa hafifu, ikakatika kabla ya kidole. Alishonwa zahanati, na asubuhi hiyo alikuwa akiwaonyesha watu bendeji kama nishani.

"Kwa hiyo kilichomponya ni ubovu wa pete," mkuu akasema.

"Ingekuwa dhahabu, sasa hivi tungekuwa tunatafuta kidole kwenye kokoto," nikasema, kwa sauti ile ya mtu aliyelisomea jambo.

"Basi tutangaze hivyo," kijana wa Tanga akadakia. "Pete za bandia ruksa. Wake zao watafurahi sana."

"Na hiyo yako?" mkuu akamuuliza.

Kijana akautazama mkono wake. Alikuwa amevaa pete ya fedha yenye jiwe jekundu, kubwa kama punje ya maharage.

"Hii si ya ndoa, bosi. Hii ni ya babu."

"Umeme unamjua babu yako?"

Akaivua bila ubishi, akaiweka mezani polepole. Kisha, kama mtu anayelipa faini kwa hadithi, akatueleza habari ya jamaa aliyesoma naye, aliyekuwa akifunga betri ya jenereta. Spana kwenye nguzo moja ya betri, pete imegusa spana, upande wa pili wa pete umegusa bodi la chuma. "Ile pete iliwaka kama koili ya jiko, wakubwa. Betri tu! Betri ambayo mtu anaiona ni kitu cha kuwashia redio. Mpaka leo ana duara kwenye kidole, na hiyo haivuliki."

Nikaleta na langu. Nikaeleza kwamba kwenye mkanda wa kubebea kokoto glovu ikinaswa na rola, mtu akiwahi kuvuta mkono hutoka, glovu ikaenda peke yake. Lakini pete ndani ya glovu huizuia glovu isivuke, na rola haina subira. Na kila mmoja wetu amewahi kupitisha mkono karibu na rola akiwa na haraka.

"Ziko pete za mpira," nikasema. "Ikivutwa inakatika."

"Ndoa ya mpira!" kijana akapiga meza. "Mkigombana inavutika, mkipatana inarudi. Hiyo hata mimi nitaoa."

"Zitaagizwa na nani, na zitafika lini?" mkuu akauliza, kisha akakunja mikono. "Pete zinabaki getini. Mhandisi wa usalama atatafuta namna ya kuzihifadhi. Na ataanza yeye."

Wote wawili wakakitazama kidole changu.

Inabidi nieleze pete hiyo ilifikaje hapo, maana mtu wa umri wangu angedhaniwa kuivaa tangu zamani. Mimi na mke wangu tuliishi pamoja miaka mingi bila ndoa ya kanisani. Sababu zangu zilikuwa za kisomi, na kama sababu nyingi za kisomi, zilikuwa uvivu uliovaa tai. Watoto wakakua, wakaenda vyuoni. Ndipo mke wangu, ambaye ni muuguzi na hana muda wa falsafa, akasema amechoka kubaki kwenye benchi wakati wenzake wanakwenda kupokea komunyo. Parokia yetu ilikuwa inaandaa ndoa za pamoja, wanandoa wengi wa muda mrefu kufungishwa katika misa moja. Akaandikisha majina yetu, kisha akaniarifu.

Tulikuwa kundi kubwa. Kulikuwa na babu na bibi waliokuja na wajukuu wao. Kulikuwa na wafanyakazi wa mtambo wetu, mmoja wao fundi wa kuchomelea, mtu wa Murukulazo aliyehamia Kasulo, ambaye yeye na mkewe walisimama nyuma yetu kabisa. Na kwa kuwa kamati ilinunua pete zote kwenye duka moja, zote zilikuwa za aina moja: za manjano, na mstari mmoja mwembamba umezunguka katikati. Nilipoiona yangu nilisema ni pete isiyo na ubunifu. Mke wangu akasema hata mimi sina.

Haukupita muda akapata uhamisho. Alipandishwa cheo, akapelekwa kuongoza wodi kwenye hospitali moja huko Mtwara. Ukiitazama ramani, kutoka kwetu hadi Mtwara ni kuikata nchi pembe kwa pembe. Huwezi kwenda mbali zaidi bila pasipoti. Nilimsindikiza mpaka Lusahunga alikopandia basi. Malori yalikuwa yamepanga foleni pande zote mbili za barabara, mahindi yanachomwa, vijana wanakimbia na maji na karanga madirishani. Nikasubiri aseme neno la kukumbukwa, neno ambalo mtu anayeandika angelitunza. Alihesabu mizigo yake, akapanda, akafungua dirisha, akasema: "Dirisha la stoo halijafungwa." Basi likaondoka.

Kwa hiyo nilikuwa nimebaki na nyumba, shamba la migomba, na pete. Kidole gumba changu kilikuwa kimejifunza tabia ya kwenda kuizungusha nikiwa nawaza. Ndiyo pete ambayo mkuu alitaka iwe ya kwanza kuvuliwa.

Niliivua. Ndiyo kazi yangu. Na ili zisipotee, nikabuni jambo ambalo nililionea fahari kwa juma zima: trei ya mayai. Ile ya karatasi ngumu, yenye vishimo. Kila kishimo nilikiandika namba ya mfanyakazi kwa kalamu ya wino mzito, na trei ikakaa kwenye meza ya mlinzi getini. Ukiingia unaweka, ukitoka unachukua. Kijana wa Tanga aliiita "benki ya kuku."

Lakini kulitokea jambo ambalo chuoni hawakutufundisha. Kabla ya katazo, pete kazini zilikuwa za kuhesabu, kwa sababu wengi waliziacha nyumbani na kuzivaa Jumapili. Baada ya katazo, zikaongezeka kila siku, mpaka nikaongeza trei ya pili. Nikamuuliza yule fundi wa kuchomelea, niliyejua fika kwamba hakuwahi kuvaa pete siku ya kazi.

"Ah, Mhandisi, ni wewe," akasema, akiiweka yake kwenye kishimo.

"Mimi nimefanya nini?"

"Wanawake wamesikia kwamba kampuni imesema wanaume wavue pete. Wakauliza: wavue waende wapi? Hapo barabarani madereva wanalala, dada wa mabaa wapo. Mke wangu kasema: utatoka nayo hapa ninaona, na utarudi nayo ninaona. Huko katikati, umuulize Mhandisi."

Basi nikawa nimeleta pete nyingi kazini kuliko zilizokuwapo. Nilimweleza mke wangu kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa, akasema niandike makala. Nilisema nitaandika mambo yakitulia.

Siku ya mvua ilianza vizuri. Mchana upepo ukashuka kutoka mlimani na mvua nyuma yake, ile ya kuja pembeni. Tulizima mtambo, watu wakajificha chini ya mabati ya karakana. Jioni mvua ilipokata, watu wakaenda getini kuchukua pete zao wapande lori la kuwarudisha nyumbani. Mimi na fundi wa kuchomelea tulichelewa tukifunika mashine yake. Tulipokaribia tukasikia kelele.

Mlinzi wetu wa mchana ni mzee anayeheshimika, mkulima wa siku nyingi, na hakuna mtu anayempita bila shikamoo. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, mbele yake sufuria.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Marahaba, Mhandisi. Mvua imekuja na upepo. Zile trei zako zimelowa, zikawa kama uji. Nikaona pete zitaanguka kwenye tope, nikazitia kwenye sufuria."

"Zote pamoja?"

"Sufuria ni moja."

Trei za karatasi nilikuwa nimezichagua mimi, na mvua haikuanza kunyesha hapa Kagera siku hiyo.

"Sasa karatasi ilikuwa imezigandia," akaendelea, na hapo uso wake ukachangamka, "nikaona aibu kuwapa watu pete chafu. Nikazisugua kwa majivu na mchanga kidogo, kama tunavyosugua sufuria. Angalia zinavyong'aa!"

Zilikuwa zinang'aa kweli. Zilikuwa zinang'aa sawasawa. Kama kulikuwa na mkwaruzo wowote wa kutambulisha pete ya mtu, sasa zote zilikuwa na mikwaruzo ileile.

Waliooa kwa nyakati nyingine walikuwa wamekwishapata zao kwa umbo. Waliobaki kwenye foleni walikuwa watu wa misa yetu, wenye pete za mstari mmoja katikati.

"Hii yangu."

"Umejuaje?"

"Imeniingia."

"Wewe hata pua ya birika ingekuingia, kidole kama uzi!"

"Jamani chukueni twende, lori linapiga honi."

"Sasa ndugu, ukienda na ya kwangu, mke wangu atakuwa wa nani?"

"Atabaki wako. Mimi nitakuja kula tu."

Walicheka, wakajaribisha, wakabadilishana, na kila mmoja aliyepata ya kumwenea akaona imetosha, akakimbilia lori. Lori likaondoka. Mezani zikabaki pete mbili, na sisi wawili tuliochelewa.

Kama ningekuwa nimeambiwa habari hii na mtu mwingine ningecheka pia. Pete mbili za duka moja, zimebarikiwa kwa maji mamoja na padre mmoja. Tofauti iko wapi? Lakini moja kati ya hizo mbili aliishika mke wangu kwa vidole vyake akanivalisha, na yeye yuko Mtwara. Nilitaka hiyo. Nilishangaa jinsi nilivyoitaka.

Nikafanya kile ambacho mtu wa elimu yangu hufanya akishikwa na jambo la moyo: nikaenda kuchukua kalipa, kifaa cha vipimo vidogo. Nikapima upana wa ndani, upana wa nje, unene. Nikazipeleka kwenye mizani ya maabara tunayopimia mchanga, nikapima moja, nikapima nyingine.

"Inasemaje?" fundi akauliza kutoka mlangoni.

"Inasema kiwanda kilichozitengeneza kinafuata viwango."

Tukarudi getini, tukakaa kwenye benchi la mlinzi, pete mbili zikiwa kwenye kiganja changu. Nikampigia mke wangu.

"Mama, kuna jambo."

"Nani kaumia?"

"Hakuna. Pete zimechanganyika."

Nikamweleza yote, trei, mvua, sufuria, majivu. Nilijiandaa kwa ugomvi, au hata kwa kimya. Nikasikia anaondoa simu mdomoni na kuwahadithia wauguzi wenzake, na wodi nzima ya Mtwara ikanicheka. Kisha akarudi.

"Sasa Baba, unahangaika nini? Yako si inajulikana? Yako iligoma kuingia. Umesahau? Ilifika kwenye kifundo ikasimama. Padre anasubiri, watu wanasubiri, mimi nasukuma jasho linanitoka. Nikakilamba kidole chako ndipo ikapita."

"Ulikilamba?"

"Mbele ya altare. Nilijifanya nainama kuomba. Hakuna aliyeona."

"Sisi tuliona, mama!" fundi akapaza sauti kutoka ubavuni pangu. "Tulikuwa nyuma yenu. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mama hajambo? Watoto? Sasa mwambie huyo mwenzio ajaribishe zote mbili. Itakayogoma ndiyo yake. Si kazi ya uhandisi hiyo."

Nikaichukua ya kwanza. Ikapita kifundo bila kusita, ikafika chini, na nilipoinamisha mkono ikazunguka. Nikaivua. Nikaichukua ya pili. Ikapita vilevile.

"Eh?" sauti ya Mtwara ikauliza.

"Imeingia."

"Ipi?"

"Zote."

"Umesukuma?"

"Sijasukuma."

Nikasikia magurudumu ya kitoroli yakipita karibu naye, na mtu akiita nesi kwa mbali. Aliporudi hakuwa na sauti ya mwanzo. Alikuwa na ile anayoitumia kwa wagonjwa wanaosema hawajambo.

"Umepungua."

"Kidogo."

"Unakula nini?"

"Nakula."

"Nimeuliza nini."

Nikamtazama fundi. Kwa adabu, akawa ameanza kuyachunguza mawingu.

"Chai. Mkate. Siku nyingine mhogo."

"Na jioni?"

"Hiyo ndiyo ya jioni."

Hakuuliza kwa nini, na ningeulizwa nisingejua kueleza kwenye simu mbele ya mtu. Migomba yetu inazaa. Mikungu inakomaa, naikata, nawagawia majirani. Sijashindwa kupika ndizi. Kinachonishinda ni kumenya. Kwetu kumenya ndizi ilikuwa kazi ya watu wawili, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imepakwa mafuta kidogo ili utomvu usigande. Yeye ndiye aliyekuwa akisema: nani kajifungua, nani kamficha daktari ukweli, nani kaja na mguu uliovimba akidai kalogwa. Mimi nilikuwa nauliza "halafu?" Sufuria ilikuwa ikijaa bila sisi kujua. Alipoondoka nilijaribu mara moja. Nilimenya ndizi ya kwanza, nikasikia kisu. Ya pili, nikasikia kisu. Nikaziacha zilizobaki, nikachemsha chai.

"Sikiliza," akasema. "Mpe fundi achague. Mke wake yuko nyumbani, anamsubiri leo. Wewe leo hakuna anayekusubiri mlangoni."

"Najua."

"Si kwa ubaya, Baba. Chukua itakayobaki, uiweke ndani. Usiivae. Nikija likizo nitakuvalisha mwenyewe, hata kama ni ya fundi."

"Na ile ya kwanza?"

"Ile nilimvalisha mtu mnene," akasema, na mtu wa wodini akamwita tena, akakata.

Nikafungua kiganja mbele ya fundi. Alizitazama kwa muda, kama mtu anayechagua mbegu.

"Chagua wewe, Mhandisi."

"Umesikia amri. Chagua."

Akachukua moja, akaivaa, akaigeuza mara mbili, akakunja ngumi. Sikuweza kusoma kitu usoni pake. Iliyobaki niliitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Lori lilikuwa limetuacha, nikampakia kwenye pikipiki yangu. Barabara ilikuwa imelowa, na malori ya kwenda mpakani yalikuwa yakiturushia maji, kwa hiyo alinishika bega kwa nguvu. Niliihisi ile pete kupitia koti, mfupa mdogo wa chuma uliokuwa ukinibonyeza kila tulipokutana na shimo. Nikawa nawaza kwamba labda ndiyo yenyewe, imenikalia begani njia yote, na nitaishusha Kasulo kwenye mlango wa mtu mwingine. Tulipofika mke wake alikuwa amesimama nje na taa ya simu. Alinisalimia, akanikaribisha chakula. Nikasema nimeshiba.

Asubuhi nilimsubiri fundi getini.

"Alisemaje?"

"Kasema imetakata. Kauliza ni nani kaisugua, maana ananijua, hata sahani sisugui."

"Basi?"

"Basi. Na kasema wewe muongo, hujashiba."

Mkuu alituita tena kwenye kontena. Hakupandisha sauti, alisema tu kwamba trei ya mayai itumike kwa mayai, na kwamba kosa letu lilikuwa kuwaambia wanaume jambo ambalo wenye kuliamua ni wake zao. Akaagiza wake waalikwe mtamboni Jumamosi. Kijana wa Tanga ndiye aliyepewa onyesho, na nakiri kwamba kwa mara hiyo alistahili makofi. Alileta mhogo mbichi wenye umbo la kidole kikubwa, akauvisha pete iliyobana, akaifungia pete kwenye ndoano ya tipa, kisha akafunga jiwe zito kwa chini na kuliachia. Jiwe lilianguka na mhogo. Pete ilibaki juu, imeshika ganda lote, limevuliwa zima kama soksi. Mhogo chini ulikuwa mweupe.

Wanawake hawakupiga kelele. Mmoja aliushika ule mhogo, akaugeuza, akaurudisha mezani.

"Hivi ndivyo kidole kinavyokuwa?"

"Ndivyo, mama," mkuu akajibu.

"Basi pete zikae nyumbani. Sisi tutawalinda kwa njia nyingine." Akamgeukia mumewe. "Unacheka nini?"

Tangu siku hiyo getini hapana pete, na sijaombwa tena kubuni chombo chochote.

Ya kwangu, au ya fundi, iko nyumbani ndani ya glasi ya chai, kwenye rafu ya jikoni. Likizo ya mke wangu ilikuwa iwe mwezi uliopita. Wodi ikakosa mtu wa kumshikia nafasi, likizo ikasogezwa. Imesogezwa tena. Ombi lake la kurudishwa karibu na mume linatembea kutoka meza moja hadi nyingine, kwa mwendo wa meza. Kwenye kidole changu kulikuwa na mstari wa ngozi nyeupe mahali pete ilipokaa. Nilikuwa nautazama nikiendesha, nikiandika, nikisubiri chai ichemke. Jua la machimbo limeula kidogo kidogo, na juma hili nimeutafuta asubuhi, nikageuza mkono kwenye mwanga wa dirisha, sikuuona.

Sikumwambia hilo. Jana jioni alipiga simu mapema kuliko kawaida.

"Uko wapi?"

"Jikoni."

"Unafanya nini jikoni?"

"Namenya ndizi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nimeweka simu kwenye kigoda chako. Wewe endelea kusema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nani kajifungua huko?"

Akaanza. Mama mmoja alifika kwa bodaboda maumivu yakiwa yamekolea, dereva akazimia kabla ya mgonjwa, ikabidi kitanda kwanza wampe dereva. Nikauliza, "Halafu?" Akaeleza. Nikauliza tena. Utomvu ulikuwa umenigandia mikononi kwa sababu nilisahau mafuta, kisu kilikuwa kinateleza, na sufuria ilikuwa ikipanda.

"Umemenya ngapi?" akauliza.

Nikaangalia. "Nyingi. Za watu wawili."

"Zipike zote."

"Haziwezi kuisha, Mama."

"Kula mpaka uone," akasema. "Mimi sikati simu."

Nikawasha jiko, nikaweka chumvi nyingi mno, kama kawaida ya mtu asiyepika, nikakaa kwenye ile ndoo nikila, naye huko Mtwara akisema habari za wodi, mpaka salio lake likaisha.